Kizibo cha Nne

Watu wakisikia nilikuwa fundi wa magari ya deraya jeshini, swali lao la kwanza huwa kama niliwahi kupigana vita. La pili huwa kama ninaweza kuwaangalizia bodaboda yao inayokohoa. Jibu la kwanza ni hapana. La pili, ilete tu hapa Soweto ya Moshi, nipo nyumbani kila siku, ila usinisimamie kichwani wakati nafanya kazi.

Ninyi mnaojifunza ufundi hapa Moshi mmekuja mara tatu sasa kuniuliza habari za kazi yangu, na kila mara nimewapa vichekesho. Leo nitawaambia habari ya siku ambayo kidogo niue watu. Nimekaa nayo muda mrefu, na mke wangu anasema wanaostahili kuisikia ni ninyi mnaoshika spana, kuliko wazee wenzangu kwenye pombe ya mbege.

Kwanza mjue tulikuwa tunashughulika na nini. Raia akiona chuma chochote chenye mnyororo na mtutu anasema kifaru. Sisi tulikuwa navyo vya kila namna, vimenunuliwa nyakati tofauti kutoka nchi tofauti, na nati ya hiki haiingii kwenye kile. Kulikuwa na vifaru vyenyewe, vile vizito. Shida yake kubwa ni mnyororo. Ukiulegeza unachomoka kwenye kona, ukiukaza sana pini zinakatika na gari linabaki katikati ya barabara kama nyumba. Kulikuwa na deraya za matairi, zinapenda lami na zinachukia matope, na ugonjwa wake ulikuwa breki. Halafu kulikuwa na deraya za mnyororo za kubebea askari. Hizi zina umbo la sanduku, bati lake si nene kama la kifaru, na zinaweza kuingia majini zikaelea. Mnyororo wenyewe ndio unaozisukuma kule majini, polepole kama bata mzee.

Vitabu vya matengenezo vya hizo deraya vilikuwa vya Kichina. Mafundi waliotutangulia walikuwa wameandika tafsiri pembeni kwa kalamu, kila mmoja na mwandiko wake. Ukurasa mmoja mtu aliandika "hapa kuwa mwangalifu sana" bila kusema mwangalifu wa nini. Tulicheka sana na ukurasa ule.

Sasa, gari linaloelea lina jambo moja ambalo magari mengine hayana: chini yake lazima paweze kufunguka na lazima paweze kuziba. Pafunguke kwa sababu mafuta, matope na maji ya kuoshea hujikusanya chini ya sakafu, na usipoyatoa chuma kinaliwa na kutu. Pazibe kwa sababu mnazozijua. Zetu zilikuwa na vizibo vinne vya chuma, kila kimoja kikubwa kama mdomo wa chupa ya chai, vinakazwa kwa ndani, ukishanyanyua mabati ya sakafu. Kila kizibo kina oringi, ule mpira wa duara unaozuia maji. Kazi ya dakika chache. Mwanafunzi anaweza.

Kikosi chetu kilikuwa kimeshuka tambarare za chini ya Moshi kwa mazoezi. Nilifurahi kwa sababu ni nyumbani. Mimi ni mtu wa Kilema, nimekulia kwenye kihamba cha kahawa na migomba, na Jumapili nilikuwa nimepanda kusali na kula mtori wa ndizi wa mama. Jumatatu niliosha deraya moja ya kuelea. Nikatoa vizibo vyote vinne, maji machafu yakatoka, nikaanza kurudisha. Kimoja, viwili, vitatu. Cha nne, cha nyuma kushoto, oringi yake ilikuwa imechanika.

Nilikwenda stoo nikapata oringi mpya. Nikiwa narudi, nikaitwa kwa haraka: deraya moja ya matairi imeshika breki, haisogei, na imeziba njia ya magari ya chakula. Nikasema nitakwenda mara moja nirudi. Ili kizibo kisipotee, nilikirudisha kwenye tundu lake kwa vidole, mizunguko miwili tu, bila oringi. Oringi nikaitia mfukoni mwa ovaroli. Nikaweka bati la sakafu juu yake.

Breki ile ilinila mpaka saa nane mchana. Nilipokuwa nakula, karani akaleta fomu za ukaguzi za siku ile. Nilisaini zote huku kijiko kiko mdomoni. Na ya deraya ile ya kuelea nikasaini.

Nataka mnielewe hapa. Sikuwa mlevi, sikuwa mvivu, wala sikuwa mgeni wa kazi. Nilikuwa Sajenti, nimefanya kazi hiyo zaidi ya miaka ishirini. Kichwani mwangu kizibo kile kilikuwa kimekazwa. Nilikuwa nimeshakifikiria mara nyingi sana siku ile hata nikaamini nimekimaliza.

Asubuhi yake mvua ilikuwa imenyesha mlimani tangu usiku, na mito ikashuka yote kwa pamoja. Mashamba ya mpunga ya Chekereni yakageuka ziwa. Taarifa ilifika kwamba kuna watu wamekwama juu ya paa la ghala upande wa pili wa mfereji mkuu, na mitumbwi haipo. Kamanda akauliza kipi kinaweza kuingia. Nilijibu mimi mwenyewe, kwa sauti, tena kwa fahari: "Ile niliyoihudumia jana, Afande. Iko tayari."

Tuliingia watu watatu. Luteni Neema ndiye aliyeongoza, msichana mwembamba wa Dodoma ambaye alikuwa na umri wa binti yangu wa pili, na ambaye hakuwahi kupandisha sauti nikamsikia. Dereva alikuwa Koplo Hamisi wa Tanga, mtu wa maneno mengi nchi kavu na kimya kabisa akishika mikono ya kuongozea. Mimi nikaenda kama fundi, kwa sababu injini ya deraya ikizima majini hakuna pa kushukia kuisukuma.

Kwenda hakukuwa na shida. Tulivuka mfereji, maji yakawa ya rangi ya chai ya maziwa, mabua ya mpunga yanazunguka kila mahali. Juu ya bati la ghala alikuwepo bibi mmoja na wajukuu zake wawili wa kike, wamejifunika turubai moja. Hamisi akaiegemeza deraya kwenye ukuta, mimi nikasimama juu kuwapokea.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba baba. Hicho kitu chenu hakizami?"

"Hakizami, bibi."

Alinipa watoto kwanza. Kisha akanipa sufuria kubwa lenye kuku ndani, amefunikwa kwa mfuniko na kufungwa kwa kamba. Luteni akasema vitu vibaki. Bibi akamtazama, akasema, "Mwanangu, hata yeye amelala juu ya bati." Kuku akapanda. Bibi huyo aliitwa Anansia, na nilipomsikia akiwatuliza wajukuu kwa Kichagga nilijua ni mtu wa kwetu, wa Vunjo, upande wa Kilema, aliyeolewa huku tambarare.

Tukageuza. Kurudi tulikuwa tunapingana na mkondo, na hapo Hamisi akasema kitu kupitia kwenye simu ya masikioni ambacho bado nakisikia.

"Fundi, inaelemea nyuma."

Nikamwambia ni uzito wa watu. Akasema, "Watu wako katikati. Inaelemea nyuma, tena kushoto."

Mikono yangu ilikuwa na matope. Nikaingiza mmoja mfukoni kutafuta kitambaa. Nikagusa mpira wa duara.

Sijui niwaelezeeje. Niliona fomu ile, niliona saini yangu, niliona kijiko. Pampu ya kutoa maji ilikuwa inanguruma, lakini nilipochungulia pembeni bomba lake lilikuwa halitoi kitu, linatema tu matone. Mabua yalikuwa yameingia kupitia tundu la kizibo na kuziba chujio lake. Nikashuka ndani. Maji yalikuwa yamepita mabati ya sakafu na kufika kwenye viatu vya wale watoto, ambao walikuwa wamekaa kwenye benchi la askari wakiniangalia.

Kulikuwa na sekunde chache, labda tano, ambazo niliwaza nishughulike kimya kimya bila kumwambia mtu. Nawaambia ukweli. Hata wakati ule, maji yanapanda, niliwaza kuhusu jina langu. Kisha nikamvuta Luteni mguu, maana alikuwa amesimama kwenye tundu la juu. Akainama.

"Afande, kosa ni langu. Kizibo cha nyuma sikukikaza jana. Kimetoka."

Alinitazama. Uso wake haukubadilika, ila rangi ya midomo ilipotea.

"Kinazibika?"

"Kinazibika."

"Basi ziba. Mengine baadaye." Akamwambia Hamisi asipunguze moto hata kidogo, akashuka, akavua kofia yake ya chuma na kuanza kuchota maji kurusha nje.

Nilinyanyua bati la sakafu. Chini yake ni giza, mafuta na maji ya mlimani, baridi kama ya jokofu. Macho hayana kazi pale. Nililala kifudifudi, shavu majini, mkono ukaingia wote mpaka begani.

Hapa lazima niwaambie kuhusu Staff Sajenti Mpangala, aliyenifundisha kazi. Mtu wa Songea, vidole viwili vya mkono wa kushoto viliachwa kwenye mnyororo wa kifaru kabla mimi sijaingia jeshini. Alikuwa na kawaida ya kutulaza chini ya gari na kutufunga macho kwa tambara, kisha anatutajia kitu na sisi tunakitafuta kwa kugusa. Ukikosea unaanza upya. Mimi nilimwona mzee wa mambo ya zamani. Siku hizi mnachomeka waya, kompyuta inawaambia ugonjwa, na ni jambo jema, ningelipata nisingelikataa. Lakini siku ile vidole vyangu vilihesabu mbavu za chuma vyenyewe: ya kwanza, ya pili, bomba la mafuta, ya tatu. Nikasikia maji yakinisukuma kiganja kutoka chini kwa nguvu, kama mtu ananiambia ondoa mkono.

Tundu nimelipata. Kizibo hakipo. Kilikuwa kimesukumwa ndani, kimeviringika chini ya mabati mengine, na kuyanyanyua yote kulikuwa na maana ya kuwaondoa watoto kwenye benchi na kutafuta kwa muda ambao hatukuwa nao.

"Nguo!" nilipiga kelele. "Nipeni nguo ngumu!"

Bibi Anansia alifungua kitenge alichojifunga kiunoni, akabaki na gauni lake, akanipa bila kuuliza. Nilikizungusha kwenye mpini wa nyundo yangu kubwa, nikakaza kama mtu anavyofunga ndizi za kupeleka sokoni, nikakishindilia kwenye tundu. Maji yakakirudisha. Nikashindilia tena, nikaweka goti juu ya kichwa cha nyundo, nikakaa nalo. Maji yalipungua lakini hayakukatika. Yaliyokuwa ndani yalikuwa ndani, na pampu ilikuwa bado imeziba.

"Chujio la pampu liko wapi?" Luteni aliuliza.

"Mbele yako, Afande, chini ya kiti cha pili. Shika juu, zungusha kushoto."

Alizama mikono. Akazungusha kulia.

"Kushoto, Afande!"

"Haliendi!"

"Linaenda. Lisukume chini kwanza, halafu kushoto."

Wakati huo bibi alikuwa amemtoa kuku kwenye sufuria na kumkabidhi mjukuu mkubwa, naye anachota maji kwa sufuria na kuyamwaga nje kupitia tundu la juu, anachota, anamwaga, huku anasali kwa sauti, "Maria Mama wa Mungu," na akimaliza sala anamwambia mtoto, "Mshike mabawa huyo, atakurukia." Mtoto mdogo alianza kulia. Deraya ililala upande wa kushoto na maji yakachungulia kwenye ukingo wa mlango wa nyuma.

Hamisi akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi mezani, "Feni imeanza kunyunyiza maji kwenye injini. Nina dakika mbili, tatu."

Chujio likatoka. Luteni akavuta fundo la mabua kama nywele zilizoziba bomba la kuogea, akavuta tena, akarudisha. Pampu ikabadilisha sauti. Kule nje nikasikia maji yakipiga maji. Sijawahi kusikia muziki nikaupenda namna ile.

Tulibaki hivyo. Mimi juu ya nyundo, goti limekufa ganzi, Luteni na bibi wanachota, pampu inatema. Sikuweza kuona nje. Nilisikiliza injini tu: ikakohoa mara moja, ikashika, ikakohoa tena. Nilikuwa nahesabu kumbe sihesabu kitu. Halafu mnyororo wa kulia ukakwaruza. Kisha wa kushoto. Hamisi alikuwa amelipata tuta la mfereji. Deraya ikainua pua, maji yote ya ndani yakanijia mimi nyuma, yakanifunika kichwa, na bado sikuondoa goti. Tulipanda tuta, tukasimama juu yake, na injini ikazima yenyewe. Haikuwaka tena siku ile.

Nilipotoka nje watu walikuwa wanapiga makofi. Bibi Anansia alinishika mikono yote miwili, akauliza mimi ni mtoto wa nani. Nikamwambia, wa Kilema. Akasema, "Mungu akubariki baba, umetuokoa." Luteni alikuwa amesimama nyuma yake, amelowa mpaka nywele, na ananitazama mimi.

Mchana, tulipokuwa tunanyanyua mabati, Hamisi alikiokota kizibo chini ya sakafu. Akakizungusha mkononi, akatazama huku na huku.

"Fundi, tulikwaruza kitu pale ghalani. Ukuta, jiwe, sijui. Kitu kama kile kinaweza kung'oa kizibo."

"Hakiwezi."

"Nasema kinaweza. Mimi ndiye dereva. Nikisema tuligonga, tuligonga."

Alikuwa ananipenda. Tulikuwa tumekula pamoja miaka mingi. Nami sikumkatalia pale pale, hilo nalo lijueni. Nilikwenda nyuma ya magari, nikampigia simu Staff Mpangala kule Songea, ambaye alikuwa amestaafu zamani. Nilimweleza yote.

"Watu wote wazima?"

"Wazima, Staff."

"Na huyo msichana Luteni, anajua?"

"Nilimwambia mwenyewe, kulekule majini."

"Sasa unaniuliza nini?" Akakohoa. "Umemwambia ukweli ukiwa unazama, unataka kumwambia uongo umekauka? Kaandike kama ilivyokuwa, Aloyce. Na mwandiko wako usomeke."

Niliandika. Karatasi mbili na nusu. Niliandika mpaka kijiko. Luteni Neema alisoma akiwa amesimama, akaweka maelezo yake juu ya yangu, akasema tu, "Nilikuwa nasubiri nione utaleta nini."

Nilivuliwa cheo, nikarudi Koplo. Nilizuiwa kusaini gari lolote, na kwa miezi mingi nilifanya kazi chini ya fundi ambaye mimi ndiye niliyemfundisha kushika bisibisi. Alikuwa ananiamkia shikamoo asubuhi, kisha anakagua kazi yangu kama ya mwanafunzi. Siku ya kwanza nilirudi nyumbani nikamwambia mke wangu naacha jeshi. Akaniuliza kama nimekula. Kesho yake nikaenda kazini.

Mambo mawili yalibadilika kwenye karakana yetu baada ya hapo. Kizibo kikitolewa, kitambaa chekundu kinafungwa kwenye usukani au kwenye mkono wa kuongozea, na hakifunguliwi mpaka kizibo kikazwe na mtu wa pili akiguse. Hilo nililipendekeza mimi. La pili lilikuwa la Luteni, ambaye wakati huo alikuwa amepandishwa kuwa Kapteni: fundi atakayesaini gari la kuelea, ndiye atakayepanda likiingia majini, na ndiye atakayetoka wa mwisho.

Siku niliporudishiwa ruhusa ya kusaini, tulikuwa kwenye bwawa la mazoezi. Nilikuwa nimeifanyia kazi deraya moja siku mbili nzima. Kapteni Neema aliniletea fomu mwenyewe, na kalamu yake.

"Umekagua?"

"Nimekagua, Afande."

"Mwenzako amegusa?"

"Amegusa vyote vinne."

"Saini. Halafu panda."

Nilisaini. Nikapanda, nikakaa nyuma kushoto, juu ya kizibo cha nne, nikanyanyua bati la sakafu na kuliweka pembeni ili nione. Hamisi akawasha. Tukateremka, maji yakapiga ubavuni, mnyororo ukaacha ardhi, na ule mtikisiko wote ukakatika ghafla kama inavyokuwa gari likianza kuelea. Kapteni aliinama kutoka juu.

"Vipi huko?"

Niliingiza mkono chini mpaka begani, nikapapasa ubavu wa kwanza, wa pili, wa tatu, nikazunguka kizibo chote kwa vidole. Niliutoa mkono nikautazama kwenye mwanga.

"Pakavu, Afande," nilimwambia.